Munyu, Magadi na Mashapo: Historia ya Lugha ya Kuyeyuka katika Kiswahili cha Sayansi

Miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vilivyobebeshwa mzigo mzito na mafundisho ya sayansi, kitenzi kuyeyuka kina nafasi ya pekee. Barafu ya Kirinyaga huyeyuka. Samli huyeyuka kikaangoni. Risasi huyeyuka motoni. Na chumvi ikitiwa majini, nayo husemwa kuwa imeyeyuka. Kwa mpishi hapana dhara lolote katika matumizi hayo. Kwa mkemia, mifano mitatu ya kwanza ni jambo moja, na wa nne ni jambo jingine kabisa. Barafu iliyoyeyuka ni maji yale yale yaliyobadili hali, na kilichoibadili ni joto. Chumvi ya mezani haiyeyuki kwa maana hiyo mpaka joto lifike nyuzi 801 za Selsiasi. Majini hutoweka machoni hata maji yakiwa baridi, wala haigeuki kuwa chumvi ya maji. Huachana vipande vipande, sodiamu upande wake na klorini upande wake, kila kimoja kikiwa na chaji yake ya umeme na kikizungukwa na maji. Vipande hivyo ndivyo viitwavyo ioni.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi mwanafunzi anapoamriwa kuandika mlinganyo wa ioni, yaani mlinganyo unaotaja zile ioni tu zilizoshiriki katika badiliko na kuacha zilizobaki kama zilivyokuwa. Hawezi kuuandika pasipo kuamua kwanza ni kitu gani kimeachana majini na kipi kimebaki kizima. Akikosea hapo, hesabu yote inayofuata imeharibika. Yafaa basi kuuliza lugha anazofikiri nazo zimempa nini cha kumsaidia kuamua. Swali hilo linachunguzwa hapa kwa mfano wa Kangari, katika Kigumo ya Murang'a, mji wa wakulima wa majani chai ulio kwenye mteremko wa mashariki wa milima ya Nyandarua, si mbali na Nyeri. Mahali ambapo Kikuyu ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya soko na ya mgeni, na Kiingereza ni lugha ya mtihani.

MUNYU NA CHUMVI

Neno munyu ni la kale. Lugha nyingi za Kibantu zinalo kwa sura moja au nyingine: munnyo kwa Waganda, umunyu kwa Wanyarwanda, munyu kwa Washona. Kiswahili kinalo pia, hasa katika lahaja za kaskazini na katika ushairi, ingawa katika Kiswahili sanifu chumvi ndiyo iliyoshika nafasi. Kikuyu kilifanya jambo la kuvutia. Kilipopokea neno la Waswahili kwa sura ya cumbĩ, hakikulitupa mũnyũ la asili, bali kiligawa kazi: cumbĩ ikawa ile chumvi nyeupe ya dukani, na mũnyũ ikabaki kuwa udongo wa chumvichumvi unaolambwa na mifugo. Maneno mawili ambayo pwani yalikaribia kuwa sawa, mlimani yalitenganishwa, moja likitaja kitu kilichosafishwa na jingine likitaja kitu kilichochanganyika na ardhi. Mgawanyo huo haukufanywa na kamati yoyote.

Hapana budi kuongeza tahadhari moja. Msomaji anayekutana na istilahi mumunyika, ambayo itajadiliwa hapa chini, anaweza kushawishika kuiunganisha na munyu kwa kuwa sauti zinafanana. Kufanana kwa sauti si udugu. Mumunya ni kitenzi cha kinywa, na kinajitosheleza bila ya chumvi.

Kemia ilipofika, ililichukua neno chumvi na kulipanua mno. Kwa mkemia, chumvi ni jina la jamii nzima ya kampaundi zitokanazo na asidi na besi kukutana. Mrututu, ile dawa ya buluu iliyojulikana pwani tangu zamani kwa tiba ya vidonda, ni chumvi. Jasi ni chumvi. Magadi nayo ni chumvi. Mzungumzaji wa kawaida hashawishiki kwa urahisi. Akisikia kwamba mrututu ni chumvi atauliza ni nani aliyeutia mchuzini. Walakini upanuzi wa namna hiyo si kosa la watu wa Kiswahili. Kiingereza na Kifaransa vililifanyia neno lao la chumvi vivyo hivyo katika karne ya 17 na ya 18, na hadi leo wanafunzi wao hupata taabu ile ile.

KITENZI KIMOJA KWA MAMBO MAWILI

Kamusi za zamani za Kiswahili, ikiwemo ile ya Johnson ya mwaka 1939 iliyotayarishwa chini ya Kamati ya Lugha, ziliweka maana ya kubadilika kwa joto na maana ya kupotea majini chini ya kidahizo kimoja, yeyuka. Zilikuwa na haki, kwani ndivyo watu walivyosema. Kikuyu kina gũtweka, nacho hutumika kwa mafuta yaliyo motoni na kwa sukari iliyo ndani ya chai. Kwa hiyo mtoto wa Kangari huingia darasani akiwa na lugha mbili ambazo zote mbili hazikuona sababu ya kutenganisha mambo hayo.

Wako waliodhani kwamba huu ni ushahidi wa upungufu wa lugha za Kiafrika. Dhana hiyo haina msingi. Mfaransa husema sukari yake "inayeyuka" ndani ya kahawa kwa kitenzi kile kile anachokitumia kwa theluji. Kiarabu, ambacho Kiswahili kimekopa kwake neno theluji na maneno mengi ya elimu, kilikuwa na kitenzi kimoja dhaba kwa yote mawili. Waandishi wake wa sayansi wa zama hizi walikiacha dhawaban kwa kuyeyuka majini na kutenga insihar kwa kuyeyuka kwa joto. Lugha zote zilizofundisha kemia zililazimika kufanya uamuzi mahali fulani. Kilichotofautiana ni nani aliyeamua, na kama uamuzi wake ulifika darasani.

Historia ya neno ioni lenyewe ni somo zuri kwa wanaisimu. Michael Faraday, aliyekuwa fundi wa majaribio asiye na elimu ya Kigiriki, aliona umeme ukipitishwa katika maji ya chumvi huvuta vitu fulani kuelekea kwenye ncha mbili za nyaya. Hakuwa na majina. Mwaka 1834 alimwandikia William Whewell wa Chuo Kikuu cha Cambridge, mtu mwenye ujuzi wa lugha za kale, naye akamrudishia mapendekezo yaliyo katika vitabu hadi leo: anodi, kathodi, na ioni, ambalo kwa Kigiriki maana yake ni kitu kiendacho. Istilahi hizo zilizaliwa kwa barua baina ya mtu wa maabara na mtu wa lugha, kila mmoja akijua asichokijua. Faraday alidhani kwamba umeme ndio uliozifanya ioni ziachane. Miaka 50 baadaye, mwaka 1884, Svante Arrhenius alitoa hoja katika tasnifu yake huko Uppsala iliyomfikisha, kufikia mwaka 1887, kwenye kauli kwamba chumvi huachana mara tu iingiapo majini, umeme uwepo au usiwepo. Tasnifu ilipewa daraja la chini. Mwandishi wake alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Wilhelm Ostwald aliitumia nadharia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1894 juu ya misingi ya kemia ya uchambuzi, na kwa njia hiyo mtindo wa kueleza mabadiliko ya majini kwa lugha ya ioni ukaanza kuingia katika mafundisho.

Kiswahili kingaliweza kusema kiendacho, au kienzi, au neno jingine la asili. Hakikufanya hivyo, kilitohoa. Huandikwa ioni na wafuatao maandishi, na ayoni na wafuatao matamshi ya Kiingereza. Ioni ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa inakaa karibu na asili ya Kigiriki na hutamkika bila taabu. Hasara ya kutohoa ni kwamba mwendo uliokuwamo katika neno umepotea: mwanafunzi haoni kuwa jina lenyewe linamweleza kitu kisichotulia.

Kwa upande wa kuyeyuka, wanaistilahi hawakutohoa. Kazi iliyofanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo matunda yake kwa sayansi yalikusanywa katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, ni sehemu ya juhudi ndefu ya kukipa Kiswahili msamiati wa maabara. Katika maandishi ya sayansi ya Kiswahili kumeenea familia ya maneno iliyojengwa juu ya mumunya: mumunyika, mmumunyo, mumunyifu. Msingi wake ni kitendo cha kibogoyo anayekula muwa au peremende: haitafuni, huiacha kinywani mate yaifanyie kazi mpaka iishe. Yeyote aliyeuona kwanza uwezo wa neno hili kwa kemia alikuwa na jicho kali. Katika kumumunya hakuna moto. Kioevu ndicho kinachotenda, na kitu kigumu hupungua kidogo kidogo kikiingia ndani ya kioevu hicho. Tofauti yote baina ya mambo mawili yaliyofichwa ndani ya kuyeyuka imo katika kitenzi hicho kimoja cha nyumbani.

Lina kasoro pia. Mtu mzima hulisikia neno hili akakumbuka ufizi wa bibi yake, na darasa likaangua kicheko. Aidha kiambishi -ik- kina utata wake unaojulikana: "chumvi hii inamumunyika" yaweza kuwa na maana kwamba wakati huu inaendelea kupotea majini, au kwamba kwa tabia yake ni chumvi ya namna hiyo, kama vile "kikombe kinavunjika" kinavyokuwa na maana mbili. Ndiyo sababu mumunyifu lilihitajika. Kiambishi -fu, kama katika danganyifu, hutaja tabia ya kudumu, na kutokana nalo hupatikana umumunyifu, nomino dhahania inayoweza kupimwa. Kupimika huko ni jambo la maana, kwa sababu mafundisho ya shule huwazoesha wanafunzi kugawa chumvi makundi mawili, zinazomumunyika na zisizomumunyika, kana kwamba mpaka ulikuwa ukuta. Lita moja ya maji kwenye joto la kawaida hupokea takriban gramu 360 za chumvi ya mezani. Hupokea gramu 2 hivi za jasi. Na kloridi ya fedha, miligramu 2 hivi tu. Katika mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, jua linapoyakausha maji ya bahari, kabonati ya kalisi hutangulia kutuama, ikifuatwa na jasi, na chumvi ya kula huja nyuma yake. Kila moja hushuka zamu yake ifikapo. Lugha yenye umumunyifu, na si neno la ndiyo au hapana pekee, inaweza kulieleza hilo.

MAGADI KISIMANI NA CHUNGUNI

Mfano ulio bora wa mlinganyo wa ioni kwa watu wa Afrika Mashariki hauko katika chupa za kloridi ya fedha ambazo vitabu huzipenda. Uko katika magadi. Magadi ya kuchimbwa kutoka ziwa lenye jina hilo hilo, kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, ni mchanganyiko wa kabonati na bikabonati ya sodiamu pamoja na maji yaliyofungamana nazo. Mjini na mashambani, wapishi huyatia kidogo chunguni ili mahindi na maharagwe ya githeri yalainike upesi. Pwani kadhalika hujulikana jikoni.

Visima vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, ambayo ni kabonati ya kalisi. Maji yake hubeba ioni za kalisi, nayo hukataa povu la sabuni. Badala ya povu hupatikana utando mweupe. Magadi yakitiwa katika maji ya namna hiyo, maji huvurugika na mashapo meupe hushuka. Mlinganyo mzima, ukiziandika ioni zote, ni huu:

Ca²⁺(aq) + 2HCO₃⁻(aq) + 2Na⁺(aq) + CO₃²⁻(aq) → CaCO₃(s) + 2Na⁺(aq) + 2HCO₃⁻(aq)

Sodiamu na bikabonati ziko pande zote mbili, bila ya kubadilika. Zikiondolewa, hubaki:

Ca²⁺(aq) + CO₃²⁻(aq) → CaCO₃(s)

Mashapo yale ni kitu kile kile ambacho jiwe la kisima limefanyika nacho: matumbawe yaliyoingia majini yamerudishwa kuwa jiwe, na kwa kazi hiyo maji yamekuwa laini. Mpishi wa Kangari hawezi kuyaona. Maji yake yanashuka kutoka katika miamba ya volkeno ya Nyandarua, yana kalisi haba, na sabuni hutoa povu ndani yake kwa ukarimu. Magadi yake hupotea majini pasipo alama yoyote, ingawa ndani ya punje ya haragwe yanafanya kazi ya jamii moja na hiyo: sodiamu huchukua nafasi za kalisi iliyokuwa imeshikanisha kuta za seli, na punje hulegea. Kwa hiyo mwalimu wa mlimani anayetaka kuonyesha mashapo kwa magadi hana budi kutafuta kalisi mahali pengine, na maji ya chokaa yaliyochujwa humtosha.

Kiingereza huuita mlinganyo ule mfupi kwa neno lililotoka katika biashara ya Italia, neno la uzito uliobaki baada ya kutoa chombo. Kiswahili kina njia ile ile, kwa kuwa mizani imekuwa ikitumika pwani kwa karne nyingi, nacho husema uzito halisi. Katika vituo vya kununulia majani mabichi ya chai karibu na Kangari, mkulima hupima gunia lake, kisha karani hukata uzito wa gunia lenyewe, na ubishi wa kila siku juu ya kilo zinazokatwa unathibitisha kwamba maana ya halisi hapo inaeleweka barabara. "Mlinganyo halisi wa ioni" ni tafsiri sahihi, ilmradi isisahauliwe kwamba gunia nalo ni kitu. Mwanafunzi akisikia halisi pasipo mizani, hudhani kwamba ule mlinganyo mrefu ni wa uongo.

Gunia ni kitu, na wakati mwingine ni kitu kibaya. Magadi ya Bonde la Ufa huwa na floridi pamoja na kabonati. Katika mlinganyo wa kulainisha maji floridi haitajwi, na kwa haki. Lakini floridi ya sodiamu ni mumunyifu sana, gramu 40 hivi kwa lita, hali floridi ya kalisi haizidi miligramu 16 hivi:

Ca²⁺(aq) + 2F⁻(aq) → CaF₂(s)

Palipo na kalisi nyingi, sehemu ya floridi hushuka pamoja na mashapo. Maji yakiwa na kalisi haba, yawe ya volkeno au ya maziwa yenye magadi, floridi hubaki humo na kuliwa na kunywewa. Meno ya kahawia yanayoonekana Nakuru na Arusha ni matokeo ya floridi iliyozidi mno ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa kikomo, na kaskazini mwa Tanzania magadi ya kupikia yametajwa pamoja na maji kuwa njia yake moja. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeshughulikia kuiondoa kwa mkaa wa mifupa, yaani kwa kuipa floridi fosfeti ya kalisi ya kung'ang'ania. Kumwambia mama wa nyumbani kwamba magadi "yameyeyuka" ni kumwambia kwamba yamekwisha. Hayakwisha, yamo yote.

Katika nchi ya Mlima Kenya, mfano mwingine wa mashapo uko kwenye mikahawa, nao hauhitaji maneno mengi. Mrututu na chokaa, vilivyochanganywa kwanza kwa ajili ya mizabibu ya Bordeaux na kutangazwa na Millardet mwaka 1885, ni mzazi wa madawa ya shaba ambayo wakulima wa kahawa wa Kenya wameyanyunyizia dhidi ya kutu ya majani, na dhidi ya chulebuni, ugonjwa ulioanza kutambuliwa nchini humo mwaka 1922. Siri ya dawa ni kwamba shaba huacha kuwa mumunyifu, Cu²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) → Cu(OH)₂(s) kwa sura yake rahisi, kwa hiyo mvua haiiondoi upesi na jani haliungui. Anayetaka kuwafundisha wanafunzi hila za somo hili awaulize kama salfeti na kalisi kweli zinakaa kando katika mchanganyiko huo. Katika dawa ya asilimia moja hazikai: sehemu yake hushuka ikiwa jasi, na mlinganyo ulioonekana safi unadai masahihisho.

HERUFI NNE NA MAHALI PATATU

Herufi zinazoandikwa katika mabano baada ya kila alama zina majina ya Kiswahili kwa tatu za kwanza: yabisi, kimiminika, gesi. Yabisi, kwa Kiarabu chake cha asili, ni kikavu. Na kwa kweli mashapo yaliyolala chini ya maji yakiitwa yabisi, sikio linalokumbuka asili ya neno hutahayari kidogo. Ya nne, (aq), ambayo ni kifupi cha neno la Kilatini la maji, haina jina moja lililokubaliwa.

Majini linajipendekeza lenyewe. Kiswahili kina mahali pa namna tatu, -po, -ko na -mo, na ile ya ndani inaonekana kana kwamba iliundwa kwa kazi hii: ioni zimo majini, mashapo yapo chini ya chungu. Wapenzi wa sarufi ya Kibantu wangefurahi kama ingetosha. Haitoshi. Wakati wa masika mto Maragua huteremka ukiwa mwekundu kwa udongo wa mashamba ya Murang'a. Udongo umo majini, hapana anayeweza kukana, lakini haukumumunyika. Maji yakiachwa katika mtungi hadi kesho yake, udongo huo huo utakuwa chini. Vivyo hivyo chokaa iliyokorogwa katika maji hufanya kitu cheupe kama maziwa, na baada ya kuchujwa hupatikana maji mangavu yaliyobeba chokaa gramu moja na nusu hivi kwa lita. Katika ile ya kwanza chokaa nyingi imo bila kumumunyika. Katika ya pili yote iliyomo imemumunyika. Kiambishi cha mahali kinaeleza mahali. Hali ya kitu ni jambo jingine, na (aq) ni alama ya hali. Isomwe "katika mmumunyo", hata kama ni ndefu kuliko majini.

Mmumunyo lakini lina mpinzani. Myeyusho hukutwa katika vitabu na kamusi bega kwa bega nalo, mara nyingine katika ukurasa mmoja, na hulirudisha somo lote kwenye kitenzi kile kilichosababisha taabu. Aliye na shauku ya umoja wa istilahi atasema wakati utaamua. Wakati hauamui istilahi zisizotumika. Wanaoamua ni walimu na wanafunzi wanaozitia kinywani kila siku, na hapo ndipo historia ya shule inapoingia.

Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba hatua hiyo iendelezwe hadi sekondari kuanzia mwaka 1985, na serikali haikukubali. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango tena kwa maandishi, bila ya sekondari kubadili lugha. Milinganyo ya ioni ni somo la sekondari. Kwa hiyo maneno yaliyotengenezwa kwa ajili yake yalisimama mlangoni mwa darasa lililofundishwa kwa Kiingereza, na kamusi ya mwaka 1990 ilikuwa imewatayarishia chakula wageni ambao hawakualikwa.

Njia ya Kenya ilikuwa tofauti. Katika nchi ya Wakikuyu, shule za kujitegemea zilizopata nguvu katika miaka ya 1930, na chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939, zilidai Kiingereza mapema kwa sababu iliyo wazi: wazazi waliona kwamba elimu ya lugha za nyumbani ilikuwa imekusudiwa kuwaweka watoto wao mahali walipo. Shule hizo zilifungwa wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952, lakini dai lao halikufungwa nazo. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilikipa Kiingereza nafasi ya lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima pamoja na mfumo wa mwaka 1985, na lugha rasmi katika Katiba ya mwaka 2010, hakikupewa maabara. Wanaoilaumu historia hiyo kwa urahisi wasisahau kwamba Kiswahili chenyewe, katika miaka ya 1930, hakikuwa na cha kumpa mzazi wa Murang'a aliyetaka mwanawe asome kemia.

Leo hali ni nyingine, maneno yapo, na darasa bado halijafunguliwa. Matokeo yake ni lugha ya mdomo isiyoandikwa popote, ambayo wanaisimu wangefanya vyema kuirekodi kabla ya kutoa hukumu juu ya istilahi yoyote. Mlinganyo huandikwa ubaoni na kusomwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo utakavyotahiniwa. Swali likiulizwa, maelezo hushuka hadi kwenye Kiswahili au Kikuyu, ambako mumunyika haijafika. Mwalimu aliyekwisha kuandika (aq) kwa uangalifu baada ya kila ioni aghalabu hugeuka na kulieleza darasa kwa neno moja: imeyeyuka.